Gari Halitoki Kwenye Mawe

Vijana wangu wa gereji, mliponiaga mwezi uliopita mlininunulia saa ya ukutani, mkanipigia makofi, kisha mkaniomba niwaandikie jinsi tulivyofundishana udereva wa porini enzi zetu. Saa ya ukutani kwa mtu ambaye hana tena pa kuwahi! Lakini nimeipokea, na ombi lenu nimelipokea pia. Habari za vyeo na mishahara sitazigusa, kwa sababu hazikunishangaza hata siku moja. Nitawaandikia yaliyonishangaza, na mengi ya hayo yalinikuta kwenye njia iliyokuwa rahisi kuliko zote nilizowahi kuendesha.

Mimi ni mtoto wa Mbarara. Baba yangu alikuwa na duka la vitambaa karibu na msikiti, na Kiswahili nilikinyonya nyumbani. Nilianza kazi mwanzoni mwa miaka ya themanini, katika shirika moja lililohudumia wakimbizi wa Nakivale. Nilidhani najua gari. Nilikuwa nimeendesha lori la ndizi hadi Masaka kwa mkono mmoja, mwingine nje ya dirisha kama bwana harusi. Siku ya kwanza nikakabidhiwa kwa mzee Ojara, sajenti mstaafu aliyeendesha magari ya jeshi tangu ujana wake, na ambaye sikuwahi kumwona akicheka. Nikamnyooshea mkono anipe ufunguo. Akanitazama miguu.

"Wewe, vua kiatu," akasema. "Macho ya dereva iko chini ya mguu."

Nikapigwa na bumbuwazi. Mtu mzima, na suruali yangu ya pasi, nikatembezwa pekupeku mchana kutwa, huku watoto wa wakimbizi wakinifuata nyuma na kuuliza kama gari langu limeibwa. Tulikopita ndiko kulikoitwa njia ya wanafunzi. Ilitoka Base Camp, penye ofisi za kambi, ikapita kando ya kijiji cha Kashojwa, ikapanda kilima kimoja kidogo, ikashuka kwenye mchanga karibu na ziwa, ikavuka kijito kisichofika magotini, kisha ikarudi kupitia Misiera kwenye maduka. Pande zote mbili iliwekewa mawe yaliyopakwa chokaa. Mtu ambaye hajawahi kushika usukani angeweza kuimaliza kiangazi bila kukwama, na ndiyo maana ilichaguliwa.

Kila hatua Ojara alinisimamisha na kuniuliza mguu wangu unasema nini. Hapa udongo umeshika au unateleza? Hapa mchanga una kina gani? Kijitoni aliniingiza nikasimama katikati, akaniambia nitafute mawe ya chini kwa vidole. Usiku huo sikulala kwa maumivu, na kesho yake, nilipoendesha njia ile ile, nilishangaa kuona kwamba kila mtikisiko wa gari nilikuwa naujua tayari. Tangu hapo sikumcheka tena.

Mengine aliyonifundisha mnayajua, maana nami niliwafundisha. Kidole gumba kikae nje ya usukani, gurudumu likigonga jiwe usukani usije ukakivunja. Mteremko unashukwa kwa gia ya kwanza, na klachi unaisahau kama mke wa jirani. Kwenye mchanga punguza upepo kidogo kwenye matairi. Kwenye maji usisite katikati. Vifaa vyetu vilikuwa sepetu, panga, kamba nene, mbao mbili na jeki ndefu ambayo ilimng'oa dereva mmoja jino. Redio hatukuwa nayo. Ukikwama, unapiga honi na kumwomba Mungu, na mara nyingi wanaokuja kwa honi ni ng'ombe.

Ojara aliporudi kwao kulima, mimi nikawa mwalimu wa njia. Muda si mrefu mwanafunzi wangu mmoja akaingia na Landrova katika shamba la maharagwe la watu, akalisawazisha kama uwanja wa mpira. Wenye shamba wakaja juu, na haki yao. Mkuu wa kambi akatoa amri ikatangazwa vijiji vyote: kuanzia siku ile, ndani ya kambi gari halitoki kwenye mawe, hata nusu ya gurudumu. Mwenye mgonjwa amlete kwenye mawe, gari la wanafunzi likipita asubuhi litampeleka zahanati. Dereva atakayevunja amri, kazi hana. Amri ilionekana nzuri. Watu wa Kashojwa wakaizoea, na kila asubuhi tulikuta mtu ameketi kando ya jiwe jeupe akitusubiri, huyu na malaria, yule na mtoto wa homa.

Sasa niwaeleze jambo ambalo ninyi mliozaliwa na bodaboda hamlijui. Mgonjwa asiyeweza kutembea alifikishwa kwenye mawe kwa engozi, yaani machela ya fito zilizosukwa, yenye miti mirefu ambayo wanaume huiweka mabegani. Kila kijiji kilikuwa na chama chake cha kubeba. Mgonjwa wako akizidiwa, panda la pembe linapigwa, wanaume wanaacha majembe na ng'ombe wao wanakuja. Na wa mwenzako akizidiwa, unakwenda wewe. Sheria yao ilikuwa moja tu: asiyebeba habebwi. Ilikuwa kali lakini waliiheshimu kuliko amri yoyote ya ofisi, kwa sababu waliijua sababu yake. Ukimbeba bure mmoja leo, mvua ikinyesha kesho hatoki mtu.

Kashojwa aliishi fundi seremala kutoka Zaire, anaitwa Byamungu. Wengi pale walikuwa watu wa kutoka Rwanda waliokaa miaka mingi, wenye ng'ombe na jamaa zao. Yeye alikuja na mkewe tu. Mguu wake wa kulia ulikuwa mfupi na mkavu tangu utotoni, akitembea anazama upande mmoja. Alipoomba kuingia chama cha kubeba, walimjaribu. Machela ikayumba, mgonjwa akapiga kelele, wakamwambia kwa upole arudi nyumbani. Hakuna aliyemchukia. Walimnunulia viti, wakamsalimu njiani, ila chamani hakuwamo. Mwaka mmoja kabla ya haya ninayowasimulia mkewe alishikwa na uchungu, na Byamungu akampakia kwenye toroli ya mbao aliyoichonga mwenyewe, amsukume hadi kwenye mawe. Toroli ikavunjika mlimani. Mtoto akazaliwa pale kwenye nyasi na hakulia. Mimi nilisikia habari ile siku zilipopita, nikasema "Inna lillahi," nikaendelea na kazi yangu kama kila mtu.

Mwaka uliofuata springi za Landrova zikavunjika, na likakaa Mbarara wiki nyingi likingoja nyingine. Njia ya wanafunzi ikaota majani. Niliporudi nalo Nakivale nilipewa mwanafunzi mpya, Tarasisi, kijana wa Bwizibwera ambaye baba yake alikuwa mchuuzi wa maziwa. Alikuwa ameacha seminari, lakini seminari haikuwa imemwacha yeye. Ukimwambia simama, anasimama. Usipomwambia toka, analala pale pale. Nikamwamuru avue viatu, aende peke yake kuitembea njia yote akifuata mawe. Akarudi jioni, miguu imevimba, akaniambia kwa heshima zote, "Njia nzuri, mwalimu. Kuna mahali inaingia uani kwa mtu. Mwenye nyumba amenipa chai."

Nikamwambia aache utani. Nilidhani amechoka akaingia kwa watu kupumzika, sasa anatafuta pa kujifichia.

Kesho yake tukatoka yeye akiwa kwenye usukani. Usiku ilikuwa imenyesha. Alishika usukani kama anashika kikombe cha misa, vidole gumba nje, gia ya kwanza, na mimi kando yake nikawa naona usingizi kwa raha. Tulipopita kilima nikaona mawe yanapinda kushoto. Nikajua hapana, hapa tulikuwa tunanyooka kwenda ziwani. Nikatazama vizuri. Mawe meupe, pande zote mbili, yamepangwa kwa nafasi sawa, vizuri kuliko tulivyoyapanga sisi. Nikamuuliza Tarasisi anakwenda wapi. Akanijibu bila kugeuza macho kwamba anafuata mawe, kama nilivyomwagiza.

Kweli, vijana wangu, nilianza kutilia shaka akili yangu. Nikadhani ofisi imebadilisha njia nikiwa Mbarara. Tukashuka kibonde chenye udongo mweusi, gari likateleza kidogo likapita, tukapanda upande wa pili kati ya migomba, na mawe yakatuingiza katika ua uliofagiwa, yakaishia moja upande huu na moja upande ule wa mlango wa nyumba. Tarasisi akasimamisha gari. Mbele ya mlango, juu ya mkeka, alikuwa amelala mwanamke mwenye tumbo kubwa, midomo imekauka, jirani yake mmoja anampepea. Furushi la nguo lilikuwa limefungwa tayari. Byamungu alikuwa amesimama kando, kofia mkononi.

"Subhanallah," ndilo neno pekee nililoweza kulitoa. Nikashuka, nikayatazama mawe, nikamtazama yeye, nikayatazama tena mawe. Mengine yalikuwa makubwa ya kuwashinda wanaume wawili wenye miguu mizima.

"Shofere," akasema, "balisema motokari haitoke mu majiwe hata kidogo. Mimi siko na nguvu ya kubeba bibi yangu mpaka kule. Njo maana nikaleta majiwe huku."

Aliyahamisha wiki zile zote gari lilipokuwa Mbarara, akiyabingirisha kwa mtaimbo kidogo kidogo. Chokaa ilipofifia, aliyapaka majivu. Majirani walimwona, wakadhani ofisi imempa kibarua. Na mkewe alikuwa katika uchungu tangu jana yake usiku, mtoto amekaa vibaya, mkunga wa jirani ameshainua mikono. Nilitaka kukasirika, maana kazi yangu ilikuwa imewekwa rehani bila kuulizwa. Hasira haikuja. Nilijisikia kama nimemwagiwa maji baridi, nikawaza jinsi nilivyosema "Inna lillahi" mwaka uliopita na kuendelea kula.

Tukampakia nyuma, pamoja na mumewe na yule jirani. Nikachukua usukani mimi mwenyewe. Zahanati isingemfaa kitu. Huyu alikuwa wa hospitali Mbarara, na bila kuchelewa. Tukashuka kibondeni. Mlipofika darasa la matope niliwaambia kwamba udongo mweusi una ngozi juu, ukiipasua mara ya kwanza mara ya pili hauna huruma. Tulikuwa tumeipasua tukija. Magurudumu ya nyuma yakazama hadi kwenye ekseli, gari likakaa kitako kama ng'ombe aliyekataa safari. Nikajaribu mbao, zikamezwa. Nikajaribu jeki, ikazama yenyewe badala ya kuinua. Ndani mama analia kwa sauti ya chini ambayo sitaki kuielezea. Nikaiegemea honi nisiiachie.

Walikuja. Safari hii hawakuwa ng'ombe. Walikuja wanaume wa chama cha kubeba, maana walidhani honi ndiyo panda la mwenye mgonjwa, na walikuja na engozi yao mabegani. Mbele alikuwa kiongozi wao, Kabera, mfugaji mnene mwenye sauti ya kukwaruza. Nikamshukuru Mungu kwa sauti. Nikawaambia wamchukue mama haraka, wamkimbize hadi ng'ambo kwenye ardhi ngumu, mimi nitatafuta namna ya kulikwamua gari. Hakuna aliyesogea. Kabera akachungulia ndani, akamwona Byamungu, akarudi kwa wenzake. Wakasemezana kwa lugha yao, kwa haraka na kwa uchungu; mmoja wao, kijana, alikuwa analia waziwazi. Kisha Kabera akanijia.

"Dereva, huyu mama hatuwezi kubeba," akasema. "Bwana yake hajabeba mtu. Leo tukivunja, kesho hakuna chama."

Nimeona mengi, lakini watu waliosimama na machela tupu mabegani, na mwanamke anakufa mbele yao, na machozi machoni mwao, sijaona kabla wala baadaye. Nikamtukana. Nilimtukana kwa Kiswahili, nikamtukana kwa Kinyankore, nikamwongezea na la Kiluganda ili asikose kuelewa. Akaningoja nimalize.

"Lakini hii motoka," akasema, akipiga bati kwa kiganja, "imebeba mama yangu. Imebeba mtoto ya huyu, na bibi ya yule. Hii iko mtu yetu. Motoka tunabeba."

Nikamuuliza kama anajua kwamba mama yumo ndani. Akanijibu kwamba mzigo wa mtu hawauulizi, kisha akanigeuzia mgongo na kuanza kutoa amri.

Wakaichomoa miti ya engozi, wakaipitisha chini ya gari nyuma, wakaingia matopeni hadi magotini, bega kwa bega. Byamungu akaruka chini kutoka kwenye gari, akajipenyeza katikati yao, akaweka bega lake chini ya mti. Nikaona Kabera amemwona. Wakaimba wimbo wao wa kubeba, ule wanaouimba wakiwa na mgonjwa, na nyuma ya Landrova ikapanda juu na watu wake ndani. Mguu wa Byamungu ukamkunja, akaanguka kifudifudi, akainuka uso wote ni tope, akarudisha bega pale pale. Mimi na Tarasisi tukawa tunayakimbilia mawe meupe na kuyatupa chini ya magurudumu. Wakaishusha, wakahamia mbele, wakainua tena. Hivyo hivyo, hatua kwa hatua, waliibeba motoka ile hadi ng'ambo ya kibonde. Hakuna hata mmoja aliyemgusa mama.

Njia ya kwenda Mbarara niliiendesha kwa namna ambayo ningemfukuzia mwanafunzi. Nyuma Tarasisi alikuwa anaita watakatifu wake mmoja mmoja, mimi mbele nasoma "Ya Latifu," na katikati Byamungu amekishika kichwa cha mkewe kisigonge bati. Kwenye kizuizi cha wanajeshi karibu na kambi yao, askari alianza kuuliza karatasi ya gari, akasikia sauti ya ndani, akatupa kamba chini na kutufukuza kwa mkono. Hospitali wakampasua siku ile ile. Alitoka mtoto wa kike, na huyu alilia mpaka wauguzi wakamwomba anyamaze.

Mkuu wa kambi aliniita. Sikufukuzwa, kwa sababu nilimwuliza ni wapi gari lilipotoka kwenye mawe, naye hakupata pa kunishikia. Ila aliamuru mawe yarudishwe yalipokuwa, na yakarudishwa na vibarua, yale yaliyobaki juu ya tope. Amri ikabaki vile vile.

Kwa hiyo siku ya kumrudisha yule mama kutoka Mbarara nilikuwa na aibu ambayo siwezi kuificha. Mshono bado mbichi, mtoto mchanga mapajani, na mimi nalazimika kumshusha kwenye jiwe jeupe, mbali na nyumba yake, eti atembee. Mumewe alikuwa ametangulia siku moja kabla kuandaa nyumba. Njia nzima nilikuwa natafuta maneno ya kumwambia. Nilikuwa nimeamua kuvunja amri na kuingia hadi mlangoni, na liwalo na liwe, nilipokata kona ya kilima nikawaona.

Walikuwa wamesimama kando ya mawe, engozi iko chini, imetandikwa blanketi safi. Hakuna panda lililopigwa, hakuna aliyewaita. Wakamsaidia mama kushuka, wakamlaza, wakamweka mtoto kifuani pake. Kisha wakashika miti, na pembe ya mbele kulia alikuwa Byamungu. Walikuwa wamepanga wafupi upande wake, na warefu upande mwingine wakakunja magoti kidogo wakitembea, ili machela isilale. Bado iliyumba. Mama akacheka hadi mshono ukamuuma, wala hakuna aliyemwambia Byamungu aachie.

Kabera alibaki nyuma kidogo kufunga mlango wa gari. Nilikuwa bado sijamsamehe kwa siku ile, nikamwuliza kwa ukali, leo imekuwaje wanambeba.

Akanishangaa, kama mtu aliyeulizwa kwa nini jua linachomoza.

"Bwana yake alibeba motoka, dereva," akasema. "Sasa tungemwambia nini?"

Akakimbia kuwafuata wenzake, akamtoa mmoja begani na kuingia yeye. Nilikaa pale na injini nimeizima, nikalia kama mtoto, mpaka Tarasisi akaniuliza kwa heshima kama anaruhusiwa kugeuza gari.